Jina Moja kwenye Hatimiliki

Dalali alinipigia simu Jumatatu, saa moja asubuhi, nikiwa kwenye matatu ya kwenda kazini Nairobi. Alikuwa mchangamfu, kama madalali wote. Kuna mtu, akasema, anatafuta kipande cha ufuoni Mfangano ajenge nyumba za wageni. Ameliona shamba letu. Amelipenda. Bei aliyoitaja ilinifanya nipitilize kituo changu.

"Si wewe ndiye mwenyewe?" akaniuliza aliponiona kimya. "Jina lako ndilo liko kwenye taito."

Nimekaa na swali hilo miezi miwili sasa. Nilidhani ni swali rahisi.

Kwa asiyepajua, Mfangano ni kisiwa cha mlima ndani ya Ziwa Victoria, kaunti ya Homa Bay. Unapanda boti Mbita, unashuka Sena. Wengi wakisikia Mfangano hufikiria samaki tu, mbuta na omena, na ni kweli ziwa ndilo linaloleta pesa za mkononi. Lakini nyuma ya ufuo ardhi inapanda ghafla, na huko mteremkoni watu wanalima mahindi, mtama, mihogo na maharagwe katikati ya mawe. Shamba letu liko hivyo. Chini linagusa maji, juu linaishia kwenye majabali. Katikati kuna boma, na ndani ya boma kuna kaburi la babu, la baba, na la baba mdogo.

Anayeishi hapo ni mjane wa baba mdogo. Namwita Mama Mdogo. Amelima shamba hilo tangu kabla sijazaliwa. Kuta za mawe zinazozuia udongo usiteremke ziwani mvua ikinyesha, nyingi amezipanga yeye mwenyewe, jiwe kwa jiwe. Nyingine nilimsaidia wakati wa likizo nikiwa mtoto, huku nikilalamika. Mimi kwa maisha yangu yote nimelima pale labda siku arobaini.

Sasa jina langu lilifikaje kwenye karatasi? Hadithi yake ni ndefu kuliko ukoo wetu. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ilitoa Mpango wa Swynnerton, ikiamini kwamba Mwafrika akipewa shamba lenye mipaka na cheti chenye jina lake, atapata mkopo, atalima vizuri, na atapoa kisiasa. Kenya huru iliendelea na wazo hilohilo, na sheria ya 1968 ya kuamua haki za mashamba ikalisambaza. Wapimaji walipofika kwetu, familia ilifanya kama familia nyingi zilivyofanya: iliandikisha mtoto mkubwa wa kiume, yaani baba yangu, kupunguza maneno. Kila mtu alijua kwamba anawashikia wengine. Baba alipofariki tukafanya mirathi, na karatasi ikaja kwangu. Kile ambacho kila mtu alikijua hakikuandikwa popote.

Mahakama zenyewe zimeyumba juu ya jambo hili. Mwaka 1972, katika kesi ya Obiero na Opiyo, Mahakama Kuu ilisema haki za kimila hazina nguvu mbele ya shamba lililosajiliwa. Mwenye jina ndiye mwenye mali, basi. Ilichukua miaka mingi kugeuka. Sheria ya usajili ya 2012 inatambua amana za kimila hata kama hazikuandikwa kwenye daftari, na mwaka 2018 Mahakama ya Juu ikathibitisha kwamba jina kwenye hati linaweza kuwa limebeba haki za wengine wa ukoo. Kwa hiyo Mama Mdogo akienda kortini huenda akanishinda. Lakini hataenda. Hajawahi kumshtaki mtu, na nauli ya kufika kwa wakili ni pesa ya chumvi na sabuni ya mwezi. Ndiyo maana swali linabaki kwangu mimi, si kwa hakimu.

Nilijaribu kwanza njia ya John Locke, Mwingereza aliyeandika mwaka 1689 kwamba mtu akichanganya jasho lake na ardhi, ardhi ile inakuwa yake. Kwa kipimo hicho shamba ni la Mama Mdogo na mimi ni mgeni wa likizo. Ningependa kuishia hapo. Tatizo ni kwamba hoja hiyohiyo ilitumiwa kuwapokonya watu wa Marekani nchi yao: hawalimi kama sisi, kwa hiyo si yao. Na pale kisiwani kwetu kuna michoro ya miduara mekundu na meupe kwenye miamba ya Mawanga na Kwitone, ambayo inasemekana ilichorwa na Watwa, wawindaji waliokuwepo kabla yetu. Sisi Wasuba tulikuja baadaye, kwa mitumbwi, tukitokea upande wa Uganda. Watwa hawakujenga kuta za mawe. Je, hawakuwa na chochote pale? Tunawaita wageni waliopewa mahali pa kulima *jodak*, na neno hilo linaweza kumuuma mtu hata baada ya vizazi vitatu. Tunasahau haraka kwamba na sisi tulifika.

Kuna jambo lingine ambalo nililiona kwa kuchelewa, ingawa ninalisema kila siku. Kiswahili hakina kitenzi cha kumaanisha kuwa mwenye kitu isipokuwa hiki cha *kuwa na*. Nina shamba, maana yake niko pamoja na shamba. Kiluo, ambacho wengi wetu tunakiongea kuliko Kisuba chetu, ni vilevile. *Kumiliki* tulikiazima kwa Waarabu, na kina harufu ya ufalme. Sitaki kuweka falsafa nzima juu ya sarufi, watu wanaosema "nina shamba" wameuana kwa ajili ya mpaka. Lakini nikijiuliza ni nani yuko pamoja na shamba lile, asubuhi kwa asubuhi, najua jibu.

Rafiki yangu mmoja, mhasibu, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Hiyo huruma yenu ndiyo inawaweka maskini. Uza, mjengee mama nyumba nzuri Mbita, wasomeshe watoto." Sikuwa na jibu la haraka. Nina mtoto anaingia sekondari. Na hoja yake ina wakubwa wake. Mwaka 1963 Mmarekani Clifford Geertz aliandika kuhusu vijiji vya wakulima wa mpunga huko Java, Indonesia, ambako watu walipozidi, kazi na mavuno viligawanywa vipande vidogo zaidi na zaidi ili kila mtu apate chochote. Aliuita umaskini wa kugawana. Waliomfuata walimkosoa: ukiangalia kwa karibu, hata vijiji hivyo vilikuwa na wenye mashamba na wasio nayo, na mgawo haukuwa sawa hata kidogo. Niliposoma hilo nilifunga kitabu, kwa sababu nilimkumbuka dada yangu.

Dada ananizidi miaka mitatu. Sheria ya urithi, iliyoanza kutumika 1981, haitofautishi mtoto wa kike na wa kiume, na Katiba ya 2010 imelisema wazi zaidi. Wakati wa mirathi alitakiwa kuweka sahihi kwamba hadai chochote. Alitia sahihi mezani kwetu, kati ya chai na mandazi, na mimi ndiye niliyempa kalamu. Hakuuliza. Mimi pia sikuuliza. Nikimtetea Mama Mdogo kwa mila, mila hiyohiyo inamfuta dada yangu. Nikikimbilia karatasi, karatasi inawafuta wote wawili. Hii ndiyo inayoninyima usingizi, kuliko dalali.

Mwezi uliopita nilikwenda. Nilimkuta Mama Mdogo akianika mihogo. Nilimweleza yote, bei pia, kwa sababu niliona kumficha bei ni kumwibia. Alinyamaza, akageuza vipande kadhaa, akauliza kama huyo mtu angejenga juu ya makaburi au kando yake. Nikasema sijui. Nikamwambia ninachofikiria: sitauza, na nitaomba tuandikwe watatu, yeye, mimi na dada, kila mtu na fungu lake.

Hakufurahi nilivyotarajia.

"Dada yako ameolewa, nyathina," alisema. "Kwao ni kule. Akiandikwa hapa, kesho watoto wake watatoka kule waje kulima wapi?"

"Na wewe uliolewa hapa, Mama. Ulitoka kwenu."

"Ndiyo. Na kwetu sikuandikwa."

Tuliishia hapo jioni ile. Dada naye, nilipompigia, alilia kidogo kisha akakasirika kwamba nimemchokozea maneno na shangazi zake. Mdogo wangu wa kiume hapokei simu zangu. Bodi ya ardhi inataka sote tufike mbele yake, na Mama Mdogo anasema hawezi kabla ya kuvuna maharagwe. Nimemtumia dalali ujumbe kwamba shamba haliuzwi. Amejibu kwamba atasubiri.