Kuachia Nako Kuna Jasho

Aliyewahi kufundishwa mbio na kocha anayeijua kazi yake anayakumbuka maelekezo haya: legeza mabega, fungua ngumi, usikaze taya. Mkimbiaji anayeanza huyasikia kama utani. Amekuja uwanjani kujikaza, anaambiwa alegee.

Kocha ana sababu. Misuli ya mbele ya paja inapokaza, ya nyuma hutakiwa kuachia. Isipoachia, mguu huvutwa huku na huku, na mtu huishiwa pumzi akipigana na mwili wake mwenyewe. Charles Sherrington, mwanasayansi wa Uingereza aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1932, ndiye aliyefafanua jinsi neva zinavyouamuru msuli mmoja ulegee mwenzake unapokaza.

Wengi hudhani kulegea hakugharimu kitu. Sivyo. Nyuzi za msuli zikishashikana haziachani mpaka zipate ATP, nishati ileile inayotumika kukaza. Ndiyo maana maiti hukakamaa saa chache baada ya kifo: nishati imekwisha, na msuli uliokamata hauna tena uwezo wa kuachia.

Hapo ndipo mazoezi yanapokutana na mahubiri. Kanisani, mwenye deni, mgonjwa na aliyefiwa wote huambiwa "mwachie Mungu", na mara nyingi kauli hiyo husikika kama ruhusa ya kukaa na kungoja. Injili ya Luka, sura ya 22, inasimulia vingine. Usiku ule kwenye Mlima wa Mizeituni, Yesu aliyaweka mapenzi yake mikononi mwa Baba huku jasho likimtoka mfano wa matone ya damu. Waliokuwa wamelala ni wanafunzi.

Mwanariadha Eric Liddell aliielewa kazi hiyo ya kuachia. Mskoti huyu, mtoto wa wamisionari, alizaliwa Tianjin, China, mwaka 1902. Katika Olimpiki ya Paris ya 1924 alitegemewa sana kwenye mita 100, lakini mchujo ulipangwa Jumapili, siku aliyoitenga kwa ibada, naye akajitoa. Filamu ya Chariots of Fire ya mwaka 1981 inamwonyesha akipata habari hiyo wakati anapanda meli. Ukweli ni kwamba aliijua ratiba miezi kadhaa kabla, na hakuitumia miezi hiyo kusubiri muujiza. Alijifua kwa mita 400.

Jumapili ya mchujo alihubiri katika kanisa la Waskoti jijini Paris. Ijumaa, tarehe 11 Julai, akiwa amepangiwa njia ya nje kabisa ambako hakuweza kuwaona wapinzani wake, alitwaa dhahabu kwa sekunde 47.6.

Mwaka uliofuata aliziacha sifa zote hizo akarudi China kufundisha. Hatari ya vita na Japani ilipozidi, mwaka 1941, alimsafirisha mkewe Florence, aliyekuwa mjamzito, pamoja na binti zao wawili kwenda Kanada. Mtoto wa tatu hakuwahi kumtia machoni. Mwaka 1943 Wajapani walimweka katika kambi ya Weihsien, alikowafundisha watoto sayansi na kuwaandalia michezo. Vijana walipoanza kupigana kwenye mpira wa magongo siku ya Jumapili kwa kukosa mwamuzi, Liddell alikubali kuwachezesha yeye mwenyewe. Msimamo uliompa jina duniani kote aliulegeza kwa ajili ya watoto waliokuwa wamefungwa pamoja naye. Alifariki humo kambini tarehe 21 Februari 1945, akiwa na miaka 43, kwa uvimbe wa ubongo.

Katika kila alichokiachia, Liddell alikuwa na kazi ya kufanya: mazoezi ya mbio nyingine, darasa la kufundisha, familia ya kuokoa, watoto wa kuamua ugomvi wao. Imani yake haikumwondolea jukumu hata moja.

Basi wachungaji na wazee wa kanisa wanaoipenda kauli ya "mwachie Mungu" wasiishie hapo. Mwenye deni asaidiwe kupanga malipo na anayemdai. Mgonjwa apelekwe hospitali, na awepo wa kumsubiri mpaka atoke. Aliyefiwa aachwe alie, na jirani aendelee kumtembelea hata baada ya matanga kuanuliwa.