Uzito wa Kamongo

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, nilimfelisha mwanafunzi mmoja kwa kuwa insha yake ilikuwa nusu ukurasa tu. Mwenzake aliyejaza kurasa sita nilimpa alama za juu. Sasa nimestaafu, naishi Kariakoo, na jambo hilo limenirudia kwa njia nisiyoitazamia: habari za kamongo.

Kamongo, samaki wa matopeni ambaye ndugu zetu wa Kanda ya Ziwa wanamjua vizuri, ametuzidi kwa wingi wa DNA. Aina moja ya kamongo wa Afrika iliyochunguzwa mwaka 2021 ilikutwa na herufi za urithi bilioni 40 hivi. Binadamu anazo bilioni 3. Je, samaki huyu alalaye topeni wakati wa kiangazi ana maarifa ya maumbile mara kumi na zaidi kuliko sisi?

Njia ya kujibu ilipatikana zamani. Mwaka 1968 Roy Britten na David Kohne, wa Marekani, walichapisha vipimo vyao. DNA hukatwa vipande vifupi, ikachemshwa hadi nyuzi zake mbili ziachane, kisha hupozwa kiasi na kila uzi ukaachwa utafute mwenzake. Msomaji, njoo Mtaa wa Kongo utazame lundo la viatu vya mitumba vilivyochanganywa. Kandambili za namna moja zikiwa mia, jozi utaipata mara moja. Kiatu ambacho mwenzake ni mmoja tu lundoni, utakitafutia hadi adhana ya alasiri. Basi vipande vilivyorudiwa hukutana upesi, vya pekee hukawia. Saa ndiyo mizani. Ndivyo walivyogundua kwamba sehemu kubwa ya DNA ya ndama ni maneno yaleyale, yamerudiwa maelfu ya mara. Na kamongo naye amejaa marudio.

Sisemi marudio ni takataka, la hasha. Mengine yana kazi yake, na mimi mwenyewe nimekula mshahara kwa kurudia masomo yaleyale miaka thelathini. Lakini nilipima uzito wa karatasi nikidhani napima akili. Yule wa kurasa sita, nikikumbuka vema, alisema jambo moja mara nane.

Yule wa nusu ukurasa hakuwa mwalimu. Mwaka juzi tulikutana sokoni, akanipa shikamoo, akanibebea mfuko wa mchele hadi mlangoni kwangu. Nikaanza kumweleza habari za insha ile.

"Mwalimu," akanikatiza, "mimi nilishasahau."

Sikumwamini, na mpaka leo sijamwamini.