Mjukuu Wangu, Wivu Si Kipimo cha Penzi

Mjukuu wangu, hadithi za mapenzi unazosoma kwenye simu nazijua, maana mwenyewe ulinisomea. Nyingi siku hizi ni za vijana wawili wa kiume, au mabinti wawili, wanaopendana kwa siri. Sikukukataza kusoma. Lakini nina hofu, na hofu ya mtu mzima usiipuuze.

Wapo watakaosema bibi wa Umwe, kungwi aliyewacheza wari huku Rufiji na kule Kibiti, asilitaje jambo hili. Nalitaja kwa sababu mnalisoma. Mtoto akisoma jambo na wakubwa wakanyamaza, hadithi ndiyo inakuwa kungwi wake. Na kungwi asiyeulizwa hufunza lolote.

Ile ya kijana tajiri na mwenzake haijanitoka rohoni. Mwenye mali anamkataza mwenzake kusalimiana na rafiki zake. Anamnyang'anya simu, anasoma kila ujumbe, kisha anaipiga ukutani. Kesho yake analeta mpya, anapiga magoti, analia, na mwandishi anataka na sisi tulie kwa utamu. Wewe ulilia, nilikuona. Mimi nilishikwa na baridi, maana nimekaa na wake za watu walioletewa khanga mpya asubuhi wafunike alama za usiku. Zawadi inayofuata kofi ni kofi la pili.

Nisikilize, mwanangu. Anayekupenda hakuchagulii marafiki. Anayekupenda hakutishi. Ukisema hapana, hapana yako inabaki hapana, hata akinuna wiki nzima.

Utaniambia, "Bibi, ni hadithi tu, haimpigi mtu." Mjukuu wangu, sisi unyagoni hatukufunza kwa amri. Tulifunza kwa nyimbo na mafumbo, na yaliyoimbwa ndani niliyakuta baadaye majumbani mwa wari wetu, katika namna wanavyosema na waume zao, katika yale waliyoyavumilia na waliyoyakataa. Hadithi inafunza. Nakuomba usinibishie hapo, kazi hiyo nimeifanya.

Wala usidhani mateso haya ni ya mume na mke tu. Carmen Maria Machado, mwandishi wa Marekani, alitoa kitabu mwaka 2019, In the Dream House, akieleza alivyoteswa na mwanamke mwenzake aliyempenda: kwa maneno, kwa vitisho, kwa wivu usiokwisha. Naye ni msomi, na yuko katika nchi ambayo penzi la namna hiyo halimpeleki mtu jela.

Sasa tazama hapa kwetu. Binti aliyeolewa akionewa, ana pa kushtakia. Yupo somo wake, yupo mshenga, wapo wazee wa pande mbili. Tutakaa, mume ataitwa, ataulizwa. Si kila mara haki inapatikana, sikudanganyi, lakini pa kuanzia papo. Anayependa kwa siri hana somo, hana mshenga. Kwa tendo linaloitwa "kinyume cha maumbile", Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinataja kifungo kinachoweza kufika maisha, na kisichopungua miaka 30. Akipigwa na mwenzake, aende kituo gani, na akifika aseme nini?

Mwenzake analijua hilo. Hahitaji fimbo. Anamwambia tu, "Ukiniacha, nitawaambia kwenu." Penzi lisilo na shahidi, mwonevu ndiye hakimu wake.

Kuna kijana wa bondeni huku, kijiji sikitaji. Kila msimu mpunga ukitoka shambani, anauza hadi fungu la nduguze, pesa zinakwenda mjini. Akiulizwa anasema ni deni. Si deni. Kuna mtu aliyemwamini, ana picha zake. Mama yake anadhani mtoto amerogwa, anahangaika na waganga. Kijana anakonda, na hana wa kumwambia. Huko ndiko iendako njia ile unayoiona tamu kwenye simu.

Ukisoma shuleni Kiu, riwaya ya Mohamed Suleiman Mohamed iliyotoka 1972, mwalimu atakuuliza: Idi alimpenda Bahati, au alitaka mali ya Mwinyi? Darasa litagawanyika, mtabishana mpaka kengele. Ubishi huo ndio unaokulinda. Hadithi yako ya chini ya chandarua nani atakubishia?

Wala sisemi hakuna hadithi njema za namna hiyo. Zipo. Monica Arac de Nyeko wa Uganda aliandika "Jambula Tree", ikapata Tuzo ya Caine mwaka 2007. Anyango na Sanyu wanapendana kule Nakawa, Kampala, na linalowaumiza ni jirani, Mama Atim na ulimi wake. Wao kwa wao hawaumizani. Kutokana na hadithi hiyo Wanuri Kahiu wa Kenya akatengeneza filamu, Rafiki, mwaka 2018. Humo Kena anasema anataka kuwa nesi. Ziki anamuuliza kwa nini asiwe daktari. Hapo tu palitosha kunionyesha penzi lenyewe, maana Ziki anamwona mwenzake mkubwa kuliko anavyojiona. Mlinganishe na yule wa simu ukutani, anayetaka mwenzake awe mdogo mpaka aenee kiganjani.

Na hiyo njema ndiyo iliyofungiwa. Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya iliipiga marufuku Aprili 2018, na Kahiu alisema hadharani kwamba alitakiwa abadilishe mwisho wake, kwa kuwa una matumaini mno. Mahakama Kuu ilipoifungulia kwa siku 7 mwezi Septemba, watu walijaa kumbi za Nairobi.

Hapa nawageukia wakubwa wenzangu. Tunaifungia hadithi ambayo wawili wanaheshimiana, mtoto anabaki na ile ya mtu anayemfungia mwenzake ndani. Kisha akija na jicho limevimba, akasema ameanguka, tunamwambia aangalie anapokanyaga.

Basi soma, mjukuu wangu, lakini usisome umelala. Nakuomba simama kidogo kila sura. Huyu anayependwa, angetaka kuondoka leo, angetoka salama? Ndugu zake na rafiki zake wamekwenda wapi, mbona tangu mwanzo hatuwasikii? Pesa anashika nani? Mkosaji anaomba radhi, sawa, je, kesho ameacha? Ukiona mwandishi anapita hapo mbio, akakimbilia busu, ujue amekuficha kitu.

Na kama si hadithi, kama ni wewe, nakuomba tena na tena, usikae nalo peke yako. Siku mtu akikuambia "nitawaambia kwenu", njoo uniambie mimi bibi yako kwanza, kabla yake. Sitakufukuza. Akishajua kwamba ninajua, hana tena cha kukutishia.