Mila za Wazee Nyumbani Mwetu: Je, Ni Heshima au Ni Hofu?



Leo tuzungumze juu ya jambo linalowagombanisha mume na mke katika nyumba nyingi za pwani yetu, kutoka Kaloleni hadi Magarini. Si pesa wala si ulevi. Ni mila. Mtoto akizaliwa, binti akiposwa, mzee akifariki, ujumbe unafika kutoka kwa ukoo: "Njooni nyumbani, kuna kazi ya kufanywa." Bwana anataka kwenda kwa sababu yeye ni mwana wa ukoo. Bibi anakataa kwa sababu amebatizwa. Au Bibi ndiye anayetaka, maana mavyaa amemwambia kwamba mtoto analia usiku kwa sababu ya koma. Usiku huo wanalala wamepeana migongo.

Swali letu ni hili: Mkristo mwenye ndoa akishiriki mila za wazee wake, atende vipi ili asimkosee Mungu, na asiwakosee waliomzaa?

Yapo majibu mawili ya haraka. La kwanza linasema kila cha kale ni cha shetani. La pili linasema kila cha kale ni chetu, tusiulize. Majibu hayo yanapendwa kwa sababu yanatupunguzia kazi ya kufikiri, lakini Kanisa halifundishi hivyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya Liturujia ya mwaka 1963, ulisema kwamba desturi za watu zisizofungamana na ushirikina zitazamwe kwa wema, na kwamba ibada za ndoa na za mazishi zaweza kufuata hali ya kila nchi. Papa Paulo wa Sita alipokuja Kampala mwaka 1969 aliwaambia Waafrika kwamba wanaweza kuwa na Ukristo wa Kiafrika, tena inawapasa.

Wenzetu wa ng'ambo ya bahari

Sisi si wa kwanza kusumbuliwa na swali hili. Tuwatazame watu wa India ya kusini, ambao bahari imetuunganisha nao tangu zamani. Vasco da Gama alipata rubani hapa Malindi mwaka 1498 akavuka hadi Calicut, na Mtakatifu Fransisko Ksaveri alipita Malindi mwaka 1542 akielekea Goa. Huko kusini, bwana arusi Mhindu humfunga bibi arusi kidani shingoni, kiitwacho tali. Wakristo wa Kerala, ambao husema imani yao ililetwa na Mtume Tomaso, hawakuitupa desturi hiyo. Waliweka alama ya msalaba juu ya kidani, wakakiita minnu. Bwana arusi hukifunga kwa nyuzi zilizochomolewa katika sari anayompa mke wake.

Lakini si kila jambo lilikwenda kwa urahisi. Mjesuiti Roberto de Nobili alifika Madurai mwaka 1606, akawaruhusu waongofu kushika desturi nyingi za kwao. Ubishi ukawa mkubwa, na mwaka 1744 Papa Benedikto wa Kumi na Nne akakataza nyingi kati ya hizo. Nchini China nako heshima kwa mababu ilikatazwa kwa miaka mingi, mpaka Roma ilipolegeza mwaka 1939, baada ya kuona kwamba mtu anaweza kuinamia picha ya babu yake kwa heshima tu, bila kumfanya mungu. Tendo lilikuwa lilelile. Lililopimwa ni maana yake moyoni mwa mtendaji.

Hapo ndipo penye fundisho letu. Mila inayofanywa kwa upendo na mila inayofanywa kwa hofu zinafanana machoni. Zinaachana ndani.

Jina la mtoto

Tuanze na lililo jepesi. Wagiriama wengi humpa mtoto jina la babu au bibi yake, na hilo ni jambo jema: mtoto anakua akijua ametoka kwa watu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 855, inataka tu jina lisiwe geni kwa mawazo ya Kikristo. Charo, maana yake safari, halina ubaya wowote mbele ya kisima cha ubatizo. Basi msigombane hapa. Lakini mkiambiwa kwamba jina lisipotolewa marehemu atamwua mtoto, huyo anayesema hivyo ameacha kuzungumza juu ya heshima.

Mahunda

Mahunda ni mila yenye maana kubwa. Zamani yalihesabiwa kwa mifugo na kwa tembo la mnazi. David Parkin, mtaalamu aliyeishi kati ya Wagiriama, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1972 jinsi mnazi na mashahidi vilivyokwenda pamoja: wazee walionywa mnazi wa shughuli hawawezi kesho kusema hawakujua. Ndoa haikuwa siri ya watu wawili. Katika Maandiko, Yakobo naye alimtumikia Labani miaka saba kwa ajili ya Raheli, kisha akatumika saba mingine.

Ubaya unaanza pale shukrani inapogeuka bei. Vijana wanakaa pamoja miaka, wanazaa, nao hawapokei Komunyo kwa sababu baba wa binti hakubali waende kanisani kabla ya kumaliziwa deni. Ndugu wazazi, mnawazuilia watoto wenu meza ya Bwana kwa sababu ya mbuzi! Mbele ya Kanisa, ndoa hufanywa na ridhaa ya wawili. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 nayo inasema kwamba pale mila inapodai mahari, sehemu ndogo ya ishara yatosha. Tena binti aliyesukumwa kwa nguvu au kwa hofu kubwa hajafunga ndoa halali. Soma kanuni ya 1103. Hata katika sheria, hofu huiharibu ridhaa.

Hanga na koma

Hapa ndipo penye uzito. Matanga yetu, hanga, hukusanya watu siku nyingi. Wanalala nje, wanapika pamoja, wanacheza kifudu, na mfiwa haachwi peke yake. Kuzika wafu na kuwafariji wenye huzuni ni matendo ya huruma. Tobiti alihatarisha maisha yake kwa ajili hiyo. Mkristo asiyekwenda matangani kwa kisingizio cha usafi wa imani amekosa upendo. Ila disko matanga, linalowapoteza binti zetu usiku kucha, si mila ya mzee yeyote. Hilo ni biashara iliyovaa kanga ya msiba.

Baada ya mazishi huja habari ya koma, roho za waliotutangulia. Marehemu anaonekana ndotoni akilalamika, au mtoto anaugua, na ukoo unasimika kibao cha koma. Kwa mzee aliyekuwa wa chama cha Gohu unasimikwa kigango, mti mrefu uliochongwa. Humwagiwa mnazi, na pengine damu ya kuku.

Tuseme ukweli: ndani ya desturi hii mna jambo tunaloliamini na sisi. Wafu hawajapotea, na kifungo chetu nao hakijakatika. Ndiyo maana tunaombea marehemu tarehe 2 Novemba, na Yuda Makabayo aliwatolea sadaka askari wake waliokufa. Basi mke asisimame mbele ya mavyaa akapiga kelele, "Mashetani hayo!" Anamtukana mtu aliyemlea mume wake. Wala kijana "aliyeokoka" asidhani kuiba kigango cha babu na kukiuza ni ushindi wa Injili. Vigango vingi viliibwa na kuuzwa ng'ambo. Mwaka 2019 vigango 30 vilirudi Kenya kutoka jumba la makumbusho la Denver, Marekani. Wizi ni wizi.

Lakini kuna tofauti kati ya kumwombea baba na kumwogopa. Baba yako aliyekupenda akiwa hai hakugeuka adui baada ya kufa, wala uhai wa mtoto wako hauko mikononi mwake. Uko mikononi mwa Mungu. Na hofu haikomei kwenye mnazi uliomwagwa. Mtu akishaamini kwamba kila ugonjwa una mkono wa mtu, huenda kwa mganga akamtafute huyo mtu. Mara nyingi hutajwa mzee mwenye mvi. Katika Kilifi wazee wameuawa na jamaa zao wenyewe kwa kushukiwa uchawi, na wengine wamekimbilia Kaya Godoma, huko Ganze, wapate pa kulala. Tazameni hofu ilikotufikisha: tunamwagia mnazi mababu waliokufa, na tunawaua walio hai.

Mjane

Na mjane je? Kumrithi kulikusudiwa asiachwe bila mlinzi, na kusudi hilo lilikuwa zuri. Lakini mjane si jembe la marehemu. Mtakatifu Paulo anafundisha kwamba mume akifa mke yu huru kuolewa na amtakaye, katika Bwana. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 44, inakataza mtu kumlazimisha mwingine kufuata mila. Shemeji anayetaka kumlinda mjane na amlimie shamba, awalipie watoto karo, kisha jioni arudi kwa mke wake.

Jinsi ya kupima

Wengine watasema: "Katekista, nani ajuaye moyo? Mimi mwenyewe sijui kama naheshimu au naogopa." Ni kweli, mara nyingi vyote viwili vimechanganyika. Basi jiulizeni: tusipofanya jambo hili, tunadhani nini kitatokea? Mkijibu, "Mama atahuzunika, ndugu watatuona tumejitenga," hilo ni jambo la upendo. Tafuteni njia ya kumtuliza mama. Mkijibu, "Mtoto atakufa," hiyo ni hofu, na hofu haifai kupewa sadaka. Kisha ulizeni mara ya pili: nani analipa? Mila ikimlemea daima mke, binti au mjane, ichunguzeni upya.

Zungumzeni mapema, kabla ya msiba, maana siku ya msiba kila mtu ana machozi na wazee wana haraka. Mkishapatana, aliye mwana wa ukoo ndiye azungumze na watu wake; mke asitumwe kupigana na wakwe, wala mume asitumwe kwa wazazi wa mkewe. Bwana anaweza kusema hivi: "Wazee wangu, huyu ni baba yangu. Nitatoa sanda, nitalisha wageni, nitalala matangani hadi mwisho, na nitamwombea Misa kila mwaka. Hilo la kumwaga mnazi mniwie radhi, silo langu." Akisema kwa adabu, na mkono wake ukiwa umetoa kweli, wazee wengi watanung'unika kisha watakaa kimya. Wapo watakaomsusa. Hapo mke asimcheke wala asimlaumu. Asimame karibu naye, maana amelipa gharama kwa ajili ya wote wawili.

Maswali ya kuzungumza ninyi wawili

1. Ni mila gani ya ukoo wa mwenzako unayoipenda? Umewahi kumwambia?
2. Ni ipi mnayoifuata kwa kuogopa tu?
3. Mmoja wenu akifa leo, mwenziwe atatendewa nini na ndugu? Wameambiwa mnavyotaka?

Swali la tatu msiliache mpaka kesho. Mungu azibariki nyumba zenu.