Kusaidia na Kungoja

Shule zinapofungwa mwezi Juni, wako vijana wa parokia zetu wanaozitoa siku zao za likizo kwenda kukaa na watoto walemavu katika vituo vya malezi. Mkoani Singida watoto hao si wageni machoni petu. Pale Ikungi, kwenye barabara iendayo Manyoni, ipo shule ya msingi ya mchanganyiko, ambamo wasioona husoma pamoja na wanaoona. Vijana hao twawasifu. Hata hivyo yafaa tuwaulize, na tujiulize sisi wazazi pamoja nao: je, kumfanyia mtoto kila kitu ndiko kumpenda?

Tutwae jambo dogo. Mtoto ambaye mikono yake haimtii anafunga vifungo vya shati. Vifungo ni vitano, na robo saa inakwisha. Uji unapoa, kengele imekwisha kulia. Kijana aliyewekwa kumtunza anaona huruma, anainama, anavifunga vyote mara moja. Nani atamlaumu? Sisi hatusemi ametenda dhambi. Twasema amemchukulia mtoto kazi yake, na pengine asubuhi ile hakuwa na kazi nyingine iliyo yake mwenyewe. Tena huruma ile, tukiichungua vema, nusu yake yamhusu kijana, kwa maana ndiye aliyechoka kutazama.

Mtu aweza kutujibu kwamba wako watoto wasioweza kufunga hata kifungo kimoja, wa kuoshwa, wa kulishwa, wa kugeuzwa kitandani usiku, na kwamba kuwangoja hao ni ukatili. Ni kweli, na awaambiaye wajitegemee hana akili. Lakini hata mtoto wa namna hiyo hujua kufumba mdomo uji ukiwa moto, na kugeuza uso akitaka kupumzika. Mlezi akikipitisha kijiko kwa nguvu, tumbo limeshiba, lakini mtoto hakusikilizwa. Asiyesema ana lugha yake, nayo haijifunzwi kwa siku moja ya kupeleka sabuni na kupigwa picha.

Tumkumbuke Bartimayo, yule kipofu wa Yeriko. Upofu wake ulionekana na watu wote njiani. Hata hivyo Bwana wetu alimwuliza kwanza anataka afanyiwe nini. Aliyejua yote aliuliza! Na sisi tusiojua twakimbilia kutenda.

Kanisa halikuchelewa katika kazi hii. Shule ya viziwi ya Tabora ilianzishwa nalo mwaka 1963. Taifa nalo liliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 Bunge likatunga sheria yake. Humo mtu mlemavu ahesabiwa kuwa na heshima yake na uhuru wa kujichagulia. Lakini sheria haiingii chumbani asubuhi kutazama nani anamvisha nani.

Kwa hiyo neno hili lazihusu nyumba zetu kuliko vituo. Wako wazazi wamfungiao mtoto ndani, wakisema wanamlinda. Wengine wana sababu: mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoitikisa nchi katika miaka ya 2007 na 2008 yalifanya watoto wengi wapelekwe Buhangija, Shinyanga, wakae chini ya ulinzi. Lakini mtoto aliyefichwa kwa sababu ya waovu na yule aliyefichwa kwa aibu ya jamaa hawafanani, ijapokuwa mlango ni ule ule. Na hata pasipo aibu, mara ngapi ndugu zake humchotea maji mwaka mzima, asiwepo wa kumwuliza kama angependa kubeba kidumu chake kidogo? Huenda angemwaga nusu njiani. Na amwage.

Viongozi wa vijana wanaopanga safari za Juni na Desemba twawaomba wasiache kupeleka sukari na sabuni, kwani zahitajiwa sana. Ila gari likirudi, wawaache huko vijana wawili watatu, wakubaliane na masista juu ya kazi zao, wakae mpaka shule zifunguliwe. Wachaguliwe wenye subira. Wenye nguvu tunao wengi.