Tundu kwenye mstari

Jioni nafundisha hesabu watoto wa majirani hapa Walukuba, Jinja. Tuna kalkuleta moja ya grafu, kuukuu, binamu yangu aliniletea kutoka Mbale. Kwenye mtihani wa UNEB hairuhusiwi, kule unaingia na ile ya kawaida isiyowekewa programu. Lakini kwa mazoezi inasaidia sana.

Juzi tulichora (x² − 4) ÷ (x − 2). Skrini ikatoa mstari ulionyooka, safi kabisa. Mwanafunzi mmoja akasema, "Mwalimu, hii si ni x + 2 tu?" Nikamwambia aweke 2 mahali pa x. Namba ya chini ikawa sifuri, na kwa sifuri hakuna kugawa. Kwa hiyo pale kwenye 2 pana tundu. Tukabadilisha vipimo vya skrini, tundu likaonekana. Tukabadilisha tena, likapotea.

"Basi mashine inadanganya," akasema.

Neno hilo limenikaa. Mashine haidanganyi. Inapima nukta chache, kisha inaziunganisha. Kama 2 haimo kati ya nukta zake, haina habari nayo. Sasa, ndugu msomaji, swali langu ni hili: asiyedanganya, je, amemaliza wajibu wake?

Nauliza kwa sababu mwaka jana mimi ndiye niliandika orodha ya familia za kupewa madaftari. Kila familia ilipata 4, hesabu ikatoka sawa, halikubaki hata moja. Nikafurahi. Siku ile mama mmoja alikuwa Mbale akimuuguza dada yake. Aliporudi, watoto wake hawakuwa na kitu. Mimi sikudanganya popote. Nilihesabu waliokuwepo.

Kuna atakayesema nukta moja haina upana, fundi anaweza kuipuuza. Tena wanaogawa misaada wana foleni ndefu, hawawezi kumfuata kila mtu nyumbani kwake. Nawaelewa. Lakini hesabu yenyewe ina njia rahisi. Kabla hujafuta (x − 2) juu na chini, andika pembeni: x si 2. Ukishafuta, inabaki x + 2, na haina alama yoyote ya kukukumbusha kwamba kuna namba iliyokatazwa. Huwezi tena kuijua kwa kuangalia jibu.

Orodha nayo ni hivyohivyo. Ukishajumlisha, jumla haikuambii nani amekosekana. Inabidi uulize mapema, wale waliopo: nani hayupo leo, na yuko wapi? Majirani wote walijua mama yuko Mbale. Sikuwauliza.

Baadaye familia nne zilitoa daftari mojamoja, watoto wakapata yao. Mama alishukuru. Kisha akaniuliza, kwa upole tu, "Mwalimu, hata jina langu halikuandikwa?"