Risasi Iliyosema "Puu"

Risasi nzuri ya shotigani ya geji 28 hulia "pa", kavu, kama mlango uliobamizwa na upepo. Ile ya Jumamosi ile ilisema "puu". Kisahani cha udongo kilimpita shemeji kikiwa kizima, kikaenda kuangukia thelujini. Marisau machache yakamwagika mbele ya viatu vyake. Hakupiga tena. Aliinua mkono kuwasimamisha wenzake, akaifungua bunduki, akachungulia mtutu kuelekea angani. Hakuona mwanga. Kizibo cha plastiki kilikuwa kimekwama ndani. Angefyatua nyingine nyuma yake, mtutu ungeweza kupasuka usawa wa mkono wake wa kushoto.

"Nani kajaza hizi?" mzee mmoja akauliza kwa utani.

Nilizijaza mimi.

Shemeji ni mume wa dada yangu, mzaliwa wa Minnesota, na hujaza risasi zake mwenyewe kwa sababu za geji ndogo ni ghali dukani. (Geji ni hesabu ya kizamani: idadi ya gololi za risasi zenye upana wa mtutu zinazotimiza ratili moja. Ndiyo maana 28 ni ndogo kuliko 12.) Kwenye kitako cha ganda kuna fataki; juu yake baruti, karibu gramu moja tu; kisha kizibo; kisha marisau, gramu 21; halafu mdomo unakunjwa. Mashine ni ya mkono na mtu huijua kwa jioni moja. Mimi nasoma shahada ya uzamili ya falsafa, na kazi ambayo mwisho wake unaweza kuihesabu ndani ya ndoo ilinifurahisha kuliko ninavyopenda kukiri.

Jioni moja ya Januari, nikiwa nimepita risasi ya sitini, mama alipiga simu. Tuliongea kama dakika kumi. Niliporudi, ganda lilikuwa limesimama chini ya bomba la baruti. Nilikuwa nimeshavuta mpini, au bado? Kulitoa na kuchungulia ndani kungechukua sekunde mbili. Sikuchungulia. Nilijiambia nimeshavuta, nikaendelea hadi zikatimia mia.

Baada ya ile puu, shemeji aliingia kwenye banda la gari na kuanza kusaka kosa kama fundi wa redio. Akatazama mikunjo: tundu likibaki katikati, moto huvuja kabla baruti haijashika vizuri. Akakagua baruti kama imeingiwa na unyevu. Akafikiria baridi. Akalinganisha vizibo na maganda, maana kizibo kisichoshika kuta za ganda hupitisha gesi. Mwisho akafika kwenye bomba la baruti, ambalo kwa geji ndogo ni jembamba, na hapo uso ukamkunjika. Baruti inaweza kunasa humo. Na iliyonasa haipotei. Baadaye huachia na kuangukia ganda linalofuata. Kwa hiyo puu moja huenda ina pacha wake sandukuni, aliyebeba fungu lake na la mwenzake.

"Kuna kitu chochote ulikiona siku ile?" akaniuliza.

Nikasema hapana.

Ukiipima kwa maneno, "hapana" hiyo ilikuwa kweli. Sikuwa nimeona kitu. Nilikuwa nimehakikisha sioni.

Mwaka 1877, Mwingereza W. K. Clifford aliandika makala iitwayo "The Ethics of Belief". Anaanza na mwenye meli chakavu inayokaribia kuondoka na abiria. Mtu huyu ana wasiwasi, lakini anaubembeleza mpaka unalala: meli hii imeshavuka mara nyingi, mbona itavuka tena. Anaamini kwa moyo mweupe. Meli inazama. Clifford anasema ana hatia, kisha anaongeza kitu kigumu zaidi: hata kama meli ingefika salama, hatia ingekuwa ileile, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini alichokiamini. Mtu wa Mwanza hausomi mfano huo kirahisi. MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996, ikielekea kwetu, na sisi tuliozaliwa baada ya hapo tumekua tukisikia wakubwa wakishusha sauti inapotajwa.

Hata hivyo, darasani nilikuwa mpinzani wa Clifford. Nilisema hakuna anayeweza kuishi hivyo. Tunapanda daladala bila kuingia chini yake kutazama breki. Bado naona hoja hiyo ina nguvu. Ila abiria wa daladala anamwamini mtu mwingine. Mimi nilikuwa upande wa dereva. Shemeji aliweza kukagua mikunjo, bomba, unyevu. Hakuweza kukagua zile dakika kumi za simu. Wasiwasi ule ulikuwa kwangu peke yangu, na nilipomnyima nilimnyima pia nafasi ya kuamua mwenyewe kama anataka kuziweka risasi zile kwenye bunduki yake. Sikuwa nalinda fedha kama mwenye meli. Nilikuwa nalinda jina langu la kuwa mtu makini, na sijui kwa nini nilidhani hilo ni jambo dogo zaidi.

Nilijaribu njia ya mkato. Zilikuwa zimebaki 61, zimeshachanganyika, hakuna ajuaye ipi ilifuata ipi. Usiku nikazipima moja moja kwenye mizani. Hazikulingana. Lakini maganda yalikuwa ya viwanda tofauti, na marisau nayo hayaanguki sawasawa kila mara. Tofauti hizo zikijumlishwa zinatosha kuficha upungufu wa baruti, au ziada yake. Njia ya hakika ni kulikata ganda, na risasi uliyoikata ili uijue si risasi tena.

Ijumaa nilimkuta mpwa wangu, ana miaka kumi na mitatu, akipanga masanduku kwenye begi la baba yake. Huwa anapiga hiyo 28 kwa sababu haimsukumi bega.

"Mjomba, hizi si zako?"

Nikaenda kumwambia shemeji yote, kuanzia simu. Alikaa kimya kwa muda. "Ungeniambia Jumamosi," akasema, "ningecheka." Hakucheka. Akanipa kisu.

Tulikata zote 61 mezani, yeye upande wake, mimi upande wangu. Marisau tuliyarudisha kwenye mtungi. Baruti tuliipima kila fungu, kisha akaenda kuimwaga uani. Hakutaka irudi kwenye chupa. Saa tatu na nusu usiku tulimaliza. Kila risasi ilikuwa na kipimo chake.

Mpwa wangu alikuwa amesimama mlangoni.

"Kwa hiyo zilikuwa nzima?"

"Ndiyo."

"Sasa mbona mmezikata?"

Baba yake akanitazama, akiniachia mimi. Nikaanza kumweleza habari za mwenye meli. Alinisikiliza kidogo, akanikatiza. Alitaka kujua bibi alipiga simu siku ile kusema nini.

Nikamwambia alikuwa anauliza kama nimekula.